Mbu na Swala: Istiari juu ya Mwili wa Mtu

Mwezi wa Septemba 1960, katika mji wa Roma, msichana wa Kimarekani wa miaka 20 aitwaye Wilma Rudolph alitwaa medali tatu za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki: mbio za mita 100, mbio za mita 200, na mbio za kupokezana vijiti ambamo wasichana wanne hukimbia mita 100 kila mmoja. Kabla yake hapakuwa na mwanamke wa Marekani aliyepata dhahabu tatu za riadha katika Olimpiki moja. Ulimwengu ulipopata habari kwamba mguu wa kushoto wa msichana huyo ulidhoofishwa na polio utotoni, na kwamba kwa miaka kadhaa alitembea kwa msaada wa chuma kilichofungwa mguuni, majina ya kawaida yalionekana hayatoshi. Waitaliano walimwita swala mweusi. Wafaransa walimwita lulu nyeusi. Wengine walimfananisha na tufani.

Tangu siku hizo kisa chake hakijapoa. Yeye mwenyewe alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1977, na mwaka huo huo kikatengenezewa filamu ya televisheni. Mwaka 1996, miaka miwili baada ya kufariki kwake, Kathleen Krull aliwaandikia watoto kisa hicho katika kitabu kiitwacho Wilma Unlimited, yaani Wilma asiye na mipaka. Walimu hupenda visa vya namna hii, kwa kuwa ni rahisi kuvitumia kufundishia tamathali za usemi. Mtoto huambiwa atafute mahali palipotumika tashbihi, mahali palipotumika istiari, na mahali palipotiwa chuku. Mtoto hutafuta, huona, hupigia mstari, hupata alama zake.

Lakini liko swali ambalo somo hilo haliligusi. Mshairi akiiita bahari jabari, bahari hainung'uniki. Akiuita mwezi bwana arusi, mwezi hauna wakili. Mwili wa mtu si bahari wala mwezi; una mwenyewe, na mwenyewe anasikia. Je, ni nani mwenye haki ya kuufananisha mwili huo na kitu kingine, na kwa sharti gani?

Jibu laweza kuanzia kwenye neno lenyewe. Istiari ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuazima. Wanazuoni wa balagha, akiwemo Abdul-Qahir al-Jurjani wa karne ya 11, waliuchambua uazimaji huo kwa kina: jina la kitu kimoja huchukuliwa likavishwa kitu kingine. Simba ana jina lake. Shujaa huliazima kwa muda wa ubeti mmoja, na ubeti ukisha, simba hubaki na jina lake na shujaa hubaki na lake. Watu wa pwani wanaijua adabu ya kuazima hata kama hawakuisoma katika vitabu vya balagha. Jirani huazimwa sufuria kubwa kwa ajili ya arusi, mkeka kwa ajili ya hitima, ngalawa kwa ajili ya safari ya siku moja. Kitu cha watu huchukuliwa kwa ruhusa, hutumiwa kwa jambo lililotajwa, na hurejeshwa kizima. Kikitoka ufa, ufa husemwa. Asiyerejesha haitwi mwazimaji. Ana jina jingine. Na wahenga, kwa ukali wao, walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, kwani mwenyewe aweza kuitaka wakati wowote, hata njiani.

Katika kisa cha Wilma Rudolph mmefanyika maazimo mawili, na yafaa yatenganishwe. La kwanza ni pale mnyama anapoazimwa ili kumweleza msichana. La pili ni pale msichana mwenyewe anapoazimwa ili kueleza mambo ya watu wengine. La kwanza huonwa na kila mwanafunzi. La pili halionekani kwa wepesi, na ndilo lenye deni kubwa.

Ama hilo la kwanza, swala aliazimwa kwa ajili ya mbio zake na uzuri wa mwendo wake, na kwa kiasi hicho mfano haukukosea. Wilma alikuwa mrefu, mwenye hatua ndefu na laini. Lakini mfano huja na mizigo yake yote, hata ile isiyoagizwa. Swala hajifunzi kukimbia. Huzaliwa, husimama siku ile ile, na baada ya muda mfupi aweza kumkimbia adui. Mbio ni maumbile yake. Anayesema swala, hata bila kukusudia, amesema kwamba mbio zile zilikuwemo ndani ya msichana tangu mwanzo, na siku moja zikafumka zenyewe. Tena swala ni mnyama wa nyikani. Hana mji, hana sheria, hana basi ambalo amekatazwa kukaa viti vyake vya mbele. Kumwita mwanamke jina la mnyama, na kulitilia jina hilo rangi ya ngozi yake, ni kumtoa katika mji alikozaliwa na kumweka porini. Si lazima aliyesema awe na nia mbaya. Mfano ukishatoka kinywani hufanya kazi yake bila kuuliza nia ya msemaji.

Wilma Rudolph hakutoka porini. Alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 katika jimbo la Tennessee, kabla ya miezi kutimia, akiwa na uzito wa kilo mbili hivi. Alikuwa mtoto wa 20 miongoni mwa watoto 22 wa baba yake, waliozaliwa katika ndoa mbili. Baba, Ed, alikuwa mchukuzi katika reli; mama, Blanche, alifanya kazi katika nyumba za Wazungu. Utotoni Wilma alipatwa na nimonia, na homa nyingine kali, na polio. Katika mji wa kwao, Clarksville, matibabu kwa watu weusi yalikuwa haba kwa sababu ya ubaguzi. Basi mama na mtoto walipanda basi kwenda Nashville, mwendo wa kilomita 80 hivi, kwenye hospitali ya chuo cha Meharry, chuo kilichokuwa kikiwasomesha madaktari weusi. Walikwenda kila wiki kwa muda wa miaka miwili. Na nyumbani, watu wa familia yake waliuchua ule mguu mara nne kwa siku.

Mara nne kwa siku ni mara 28 kwa wiki, na ni zaidi ya mara 1,400 kwa mwaka. Mama amerudi kazini, miguu yake mwenyewe inamuuma, na mguu wa mtoto unangoja. Dada amemaliza kuosha vyombo, na mguu unangoja. Hapo hapana swala. Pana mikono.

Kiswahili kina neno moja lililobeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzigawa, na mfasiri anayelipita mbio hupoteza nusu ya mali yake. Kushinda ni kumpita mwenzio, kumwangusha adui, kutwaa kombe. Lakini kushinda pia ni kuwa mahali tangu asubuhi mpaka jioni. Mtu hushinda shambani, hushinda na njaa, hushinda na mgonjwa. Aulizaye "umeshindaje?" haulizi habari za medali. Mfasiri wa kisa cha Wilma ataandika kwamba aliushinda ulemavu wake, na hatakuwa amesema uongo. Ila kabla ya kuushinda, alishinda nao. Alishinda nao siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, na hakushinda nao peke yake. Ushindi wa maana ya kwanza ulichukua sekunde 11. Ushindi wa maana ya pili ulichukua miaka, na hauna picha.

Hapa ndipo kosa la mifano mikubwa linapojitokeza. Swala, tufani, muujiza: kila mmoja huruka. Huanzia kwenye kitanda cha mtoto mgonjwa na kutua kwenye uwanja wa Roma, na zile siku za katikati huachwa chini, kama visiwa vidogo vionekanavyo kutoka katika ndege. Msomaji hufurahi kwa sababu ameruka pamoja na msimulizi. Hajui kwamba alichorukishwa ndicho kilichokuwa kisa chenyewe.

Waamuzi wa riadha wana adabu moja ambayo wasimulizi wengi hawana: wao huupima upepo. Katika fainali ya mita 100 pale Roma, Wilma Rudolph alimaliza kwa sekunde 11.0, lakini upepo uliomsukuma kutoka nyuma ulizidi kiwango kinachoruhusiwa, na muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Hakuna aliyemnyang'anya medali. Alikuwa amewapita wote, na upepo ule ule uliwasukuma wote. Kilichofanyika ni uaminifu wa hesabu tu: hiki ni cha miguu yake, na hiki ni cha upepo. Msimulizi mwaminifu naye angefanya vivyo hivyo. Angeutaja upepo wa nyuma, yaani mama, na ndugu, na madaktari wa Meharry, na kocha wake wa chuo kikuu, Ed Temple, na wasichana watatu waliokimbia naye mbio za vijiti, Martha Hudson, Lucinda Williams na Barbara Jones. Na angeutaja upepo wa mbele, ambao haukuwa wa polio peke yake: sheria na desturi za mji uliomgawia mtoto mgonjwa hospitali kwa rangi ya ngozi yake. Mguu ulipona. Mji ulikuwa bado mgonjwa. Anayesema kwamba kizuizi kilikuwa mguuni tu ameusamehe mji bila ya mji kuomba radhi.

Kabla Roma haijamwita swala, msichana huyu alikuwa na jina jingine. Alipokuwa akicheza mpira wa kikapu katika skuli ya Burt huko Clarksville, mwalimu wake wa michezo, Clinton Gray, alimwita Skeeter, ambalo ni jina la mitaani la mbu huko Marekani. Alimwita hivyo kwa kuwa msichana hakutulia: huku yupo, kule yupo, na kila mwalimu anapogeuka anamkuta mbele yake.

Mbu si kiumbe wa kusifiwa, na malenga anayetaka kumwoa amtakaye hamwiti mbu. Hata hivyo jina hili lina haki zaidi kuliko lile la swala. Lilitoka kwa mtu aliyemwona kila siku. Lilishika jambo moja dogo la kweli, nalo ni kuhangaika kwa mtoto ambaye maradhi yalikuwa yamemlazimisha kutulia. Halikumtukuza, kwa hiyo halikumtoa katika watu. Lilimwacha pale pale uwanjani pamoja na wenzake, akiwasumbua. Na mwenyewe aliliitikia. Mfano wa swala ulitolewa na macho yaliyomwona kwa sekunde 11. Mfano wa mbu ulitolewa na macho yaliyoshinda naye.

Basi sharti la kwanza la kuufananisha mwili wa mtu limepatikana. Wala halihusu uzuri wa mfano, kwani mbaya umeushinda mzuri. Linahusu ujirani. Anayeazima kwa jirani anajua kitu alichoazima, anajua kina ufa wapi, na anajua kesho atakutana na mwenyewe.

Azimo la pili ni zito zaidi. Baada ya Roma, Wilma mwenyewe aligeuzwa istiari. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani, mfanyabiashara aliyefilisika, kijana aliyekata tamaa, wote husomewa kisa chake na kuulizwa: ikiwa yeye aliweza, wewe una udhuru gani? Mguu wa mtoto mmoja wa Tennessee umekuwa mfano wa kila kikwazo cha kila mtu. Hapo mguu umeazimwa ukapelekwa mbali sana na kwao, na waliouazima hawajui hata uliumwa nini.

Inafaa basi isemwe uliumwa nini. Virusi vya polio, vikifika katika uti wa mgongo, huziharibu chembe za neva zinazoiamrisha misuli. Chembe iliyokufa haifufuki. Zile zilizosalia zaweza kutoa matawi mapya na kuichukua kazi ya zilizokufa, na kuchuliwa na mazoezi huisaidia misuli isilegee wala isikakamae. Lakini idadi ya chembe zitakazosalia haichaguliwi na mtoto. Haichaguliwi na mama yake pia. Katika miaka hiyo walikuwako watoto wengi waliochuliwa mara nne kwa siku, wenye mama walio imara kama Blanche, wenye nia isiyopungua nia ya Wilma, na mguu haukuamka. Watoto hao hawana filamu.

Kauli isemayo kwamba fulani aliushinda ulemavu kwa nia yake ina mgongo, na mgongoni pameandikwa kwamba wale ambao hawakusimama hawakuwa na nia. Msemaji hakukusudia kulisema hilo. Lakini mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu hulisoma kila mara kisa kinaposomwa mbele yake, na waliomzunguka humtazama kana kwamba na yeye anadaiwa mbio. Ndivyo lugha ya vita inavyofanya. Ikiwa maradhi ni adui na mgonjwa ni askari, basi aliyebaki kitandani ni askari aliyeshindwa, na aibu ya kushindwa huongezwa juu ya maumivu. Ilhali jambo kubwa kuliko yote lililofanyika dhidi ya polio katika zama hizo, chanjo ya Jonas Salk iliyotangazwa mwezi wa Aprili 1955 kuwa imefaulu, halikutokana na ushujaa wa mgonjwa yeyote. Lilitokana na maabara, fedha za michango, na maelfu ya watoto waliotoa mikono yao kudungwa sindano.

Watu wa Unguja wana kisa chao cha paa, ndugu wa yule swala, nacho chaweza kuangaza jambo hili. Ni kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kukichapisha mwaka 1870. Maskini mmoja anayeokota punje za mtama jaani anapata thumuni, na kwa thumuni hiyo ananunua paa. Paa yule anasema kama mtu. Anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba na mali. Kisha paa anaugua. Bwana, ambaye sasa ni mkubwa, anaamuru apewe uji wa mtama tu, na haendi hata kumtazama. Paa anakufa kwa uchungu, na anatupwa kisimani. Khatima yake bwana anajikuta tena jaani, akichakura.

Kisa hiki kimehadithiwa kwa ajili ya kufundisha shukrani, lakini kinafundisha pia hatari ya kuwa paa wa mtu. Paa hupendwa kwa kile anachokibeba. Siku anapolala, hana kazi. Visa vingi vya Wilma Rudolph huishia Roma, pale alipoacha kuwa na faida kwa mfano. Lakini riadha ya ridhaa ya zama zile haikumpa mshindi mshahara. Aliacha mbio mwaka 1962, na baada yake aliishi kwa ualimu na ukocha na kazi nyingine, akalea watoto wanne, na mwaka 1981 akaanzisha taasisi ya kuwasaidia vijana katika michezo. Alifariki tarehe 12 Novemba 1994 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 54. Mfano hauli, hauugui, haudaiwi kodi ya nyumba. Mtu hupatwa na yote hayo, na miaka 32 aliyoishi baada ya mbio ni mingi kuliko ile aliyoikimbia.

Wapo watakaopinga, na upinzani wao una nguvu. Watasema: bila mfano, kisa kisingevuka bahari. Ripoti ya daktari haijapata kumwinua mtoto kitandani. Mtoto aliyelazwa, akisikia habari za swala, huuona mguu wake kwa namna nyingine, na kuona ni mwanzo wa kujaribu. Ni nani atakayemnyima hilo kwa ajili ya usafi wa hoja? Hili ni kweli, na anayelikana hajui ushairi ni nini. Mwanadamu hafikiri kwa hesabu tupu. Hata anayeikemea istiari huikemea kwa istiari.

Lakini kinachodaiwa hapa si kuacha kuazima. Kinachodaiwa ni kurejesha. Msimulizi na amwite swala akitaka, kisha azirudishe zile siku alizoziruka: ailete basi ya Nashville, ailete mikono ya mama. Mtoto aliyelazwa hatapungukiwa na kitu. Kinyume chake, atapata kitu anachoweza kukitumia kesho asubuhi, kwani hawezi kuwa swala, lakini aweza kuunyoosha mguu wake apewe mama. Na ikiwa mguu hautaamka, kisa chenye siku ndani yake bado kitamfaa, kwa sababu atakuwa amefundishwa kwamba thamani ilikuwa katika kushinda kwa maana ya pili, ambako hakuna anayenyimwa.

Lipo sharti la pili, nalo latoka kwa mshairi. Abul-Ala al-Maarri alizaliwa mwaka 973 huko Shamu, akapofuka utotoni kwa ndui, akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiarabu, akafariki mwaka 1057. Baada ya kurudi kutoka Baghdad alijifungia katika nyumba yake, akajiita mfungwa wa magereza mawili: moja ni upofu wake, na la pili ni nyumba yake. Istiari hii ni kali kuliko yoyote ambayo mtu mwingine angethubutu kumtwika. Lau ingesemwa na jirani, ingekuwa tusi. Ikisemwa na mwenyewe, ni utawala. Gereza moja hakulichagua, na la pili alilichagua, na kwa kuyaweka pamoja katika jina moja aliwaambia watu kwamba yeye ndiye anayejua tofauti yake. Hakuazima kwa mtu. Alitumia mali yake. Basi pale ambapo mwenyewe amekwisha kuusema mwili wake, adabu ni kumsikiliza kwanza, na mfano wa mgeni ungoje kibarazani.

Jambo hili halihusu mabingwa wa Roma na washairi wa Shamu peke yao. Liko katika Kiswahili cha kila siku, na halionekani kwa sababu limezoeleka. Magazeti huandika kwamba uchumi unachechemea. Mwanasiasa humwambia mpinzani wake kwamba ni kiziwi, na mshairi wa mapenzi husema penzi ni kipofu. Katika kila kauli ya hizo, mwili wa mtu fulani umeazimwa ili kutukania kitu kingine, na mwenyewe hakuulizwa. Anayechechemea kwenda sokoni anafika sokoni. Uchumi uliotajwa haufiki.

Hata majina yana historia hiyo. Kilema kwanza ni dosari ya kiungo, kisha likawa jina la mtu mwenye dosari, hivyo kiungo kimoja kikammeza mtu mzima. Wana balagha wanaijua tamathali hiyo ya kutaja sehemu na kukusudia kizima. Wako wanaolaumu kiambishi cha ki, kwa kuwa kipofu, kiziwi na kiwete wamewekwa ngeli moja na kiti na kisu. Lawama hiyo haijakamilika, kwa maana kijana na kiongozi nao wamo humo, na hakuna kiongozi aliyelalamika. Kilichodhuru hakikuwa silabi. Ni mazoea ya kuona kiungo kabla ya kuona mtu, na mazoea hayo yaweza kuingia hata katika jina jipya. Kusema mtu mwenye ulemavu ni bora, kwa kuwa neno mtu limetangulia. Lakini neno likitangulia na jicho likibaki nyuma, safari haijaanza.

Wahenga walilimaliza jambo kwa maneno mawili: hujafa hujaumbika. Methali hii haimfananishi mlemavu na kitu. Inamgeukia mzima, na kumwambia kwamba uzima wake ni wa kushikiwa tu, nao una mwenyewe na una siku ya kurejeshwa. Kwa kipimo hicho, mwenye kuuazima mguu wa mwenzake kwa ajili ya mfano ni mwazimaji anayeazima kwa mwazimaji.

Wilma Rudolph aliporudi kutoka Roma, mji wa Clarksville ulitaka kumfanyia sherehe. Desturi ya mji ilikuwa kuwatenga weupe na weusi. Alisema kwamba hatashiriki katika sherehe ya kubaguana. Mji ukakubali, na tarehe 4 Oktoba 1960 gwaride na karamu vikafanyika kwa watu wote pamoja, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea katika shughuli za mji ule. Watu wapatao 1,100 waliketi katika karamu hiyo. Waliofika kumtazama swala walijikuta wamekaa meza moja na majirani ambao hawakuwahi kula nao. Huo ndio ushindi ambao mfano wa mnyama hauwezi kuubeba, kwa sababu swala hana masharti. Mtu mzima anayo.